Hapafikiki, Hapaingiliki, Hapalaliki: Istilahi za Malazi ya Dharura kwa Watu Wenye Ulemavu

Tangu Bunge lilipopitisha, mwaka 2021, marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, istilahi zimepata uzito ambao hazikuwa nao zamani. Neno lililokuwa likijadiliwa katika semina sasa litasomwa na hakimu, kisha litamfikia mtendaji wa mtaa katika waraka wenye muhuri. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame upya baadhi ya maneno yahusuyo maafa, hususa yale yatumikayo kueleza mahali wanapopokelewa watu waliopoteza nyumba zao, na jinsi mahali hapo panavyoweza au pasivyoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Mifano ya makala haya imechukuliwa zaidi katikati ya jiji la Dar es Salaam, yaani Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Jangwani na mitaa iliyo jirani, kwa kuwa huko msongamano wa watu, bonde la mto na majengo marefu vimekaa pamoja katika eneo dogo.

Haja ya istilahi hizi si ya kubuni. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la Gongo la Mboto. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, maelfu walikimbia gizani, na wengi wao walipokelewa katika Uwanja wa Uhuru. Desemba ya mwaka huohuo ilinyesha mvua iliyotajwa kuwa haijapata kuonekana mfano wake jijini tangu 1954. Mto Msimbazi ulifurika, watu wasiopungua 40 wakafariki, na waliookolewa katika bonde walilazwa katika majengo ya shule, kisha mwanzoni mwa 2012 baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua soko kuu la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka palepale Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Kila mara ofisa aliyeshika kalamu alitakiwa kuandika mambo yaleyale: watu wako wapi, ni akina nani, na mahali walipowekwa panawafaa au hapawafai. Kalamu hiyo ikikosa neno, au ikiwa na neno lenye maana mbili, anayeumia ni mtu asiyeweza kupanda ngazi tatu za darasa.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Kiingereza kina neno moja ambalo hubeba maana ya kinga ya mvua, ya kibanda, na ya jumba wanamopokelewa waliopatwa na maafa. Watafsiri wetu wamelipa neno hilo majina mengi: hifadhi, kambi, makazi ya muda, malazi, kimbilio, kituo cha waathirika. Wingi huo usingekuwa na madhara kama maneno hayo yangekuwa visawe. Lakini sivyo.

Neno hifadhi lina heshima yake, na kitenzi chake kinawafaa watu: twasema familia 30 zimehifadhiwa shuleni, na kila mtu anaelewa. Likiwa jina peke yake, hata hivyo, limekwisha kuchukuliwa na wanyama na misitu (hifadhi ya taifa), na na mafao ya wafanyakazi (hifadhi ya jamii). Kambi humpeleka msikilizaji kwa askari, kwa wakimbizi waliovuka mpaka, au kwa vibarua wa barabara. Wakazi wa Kariakoo wana sababu yao wenyewe ya kulitazama neno hili kwa jicho la pembeni, maana jina la mtaa wao latokana na jeshi la wapagazi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao makazi yao yalikuwa hapo. Wale walikuwa watu waliowekwa mahali kwa ajili ya mizigo ya wengine, na jina la kikosi chao, baada ya kupita katika vinywa vya Waswahili, likabaki kuwa jina la soko.

Makazi ni neno la kuchukuliwa kwa tahadhari zaidi. Limetokana na kukaa, na ndani yake mna mkazi, yaani mtu mwenye haki ya kuwa pale. Viwanja vya Mabwepande vilikuwa makazi. Madarasa ya shule hayakuwa makazi hata kidogo. Mtafsiri anayeandika "makazi ya muda" akikusudia darasa lililotandikwa mikeka anaweza kumfanya msomaji wa sheria aulize kama watu hao wanadai kukaa humo, na mwalimu mkuu naye aulize shule itafunguliwa lini.

Yanabaki malazi na kimbilio, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mawili ya kufanyiwa kazi. Malazi yatokana na kulala na hutaja huduma: mahali pa kulala, tandiko, blanketi, paa. Kimbilio hutaja mahali penyewe. Wapo wanaolipinga neno kimbilio kwa hoja kwamba limejengwa juu ya mbio, na mtu asiyeweza kukimbia amekwisha kufungiwa mlango na jina lenyewe. Hoja hii ina mvuto, lakini haisimami. Mauti ya maana ya kitenzi kukimbilia si miguu; mzee aliye kitandani hukimbilia dua, na mdaiwa hukimbilia kwa nduguye bila kuinuka kitini. Kauli ya kutendea hapa hutaja kutafuta usalama kwa mwingine. Basi napendekeza kimbilio la dharura liwe jina la mahali, malazi ya dharura liwe jina la huduma itolewayo humo, na makazi mapya yaachwe kwa mahali ambapo mtu hupewa kiwanja au nyumba ya kudumu. Mtu aweza kuwa katika kimbilio na asiwe na malazi, kama ilivyo kwa anayekesha ameketi kwenye jukwaa la uwanja wa mpira kwa kuwa mgongo wake hauwezi sakafu. Istilahi nzuri ni ile inayoruhusu jambo hilo kuandikwa.

Sasa tuje kwenye neno lenye utata kuliko yote. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 9 chahusu ile sifa ya jengo, njia, chombo au habari ya kuweza kufikiwa na kutumiwa na kila mtu. Kifungu cha 11 chahusu ulinzi wa watu wenye ulemavu wakati wa hatari na maafa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, imeuchukua mwelekeo huohuo. Kwa Kiswahili sifa hiyo sasa huandikwa kwa namna mbili kubwa: ufikivu na ufikikaji, pamoja na vivumishi vyake, jengo fikivu na jengo linalofikika.

Tuyapime kwa sarufi yetu wenyewe. Viambishi tamati -vu na -fu, vikiongezwa kwenye mzizi wa kitenzi, humtaja mwenye kutenda au mwenye kuwa katika hali. Mtu msikivu ndiye asikiaye. Msahaulifu ndiye asahauye, si yule aliyesahauliwa na watu. Mvunjifu wa amani ndiye aivunjaye. Na mlemavu mwenyewe, maadamu tunazungumza habari zake, ni mtu aliyelemaa. Kwa mizani hiyo jengo fikivu lingekuwa jengo lenye tabia ya kufika, jambo ambalo hata maghorofa ya Kariakoo, pamoja na mwendo wake wa kupanda, hayajaliweza. Kiambishi -ik-, kwa upande wake, hutaja uwezekano wa jambo kutendeka: barabara inapitika, maji yananyweka, chakula hiki hakiliki. Jengo linalofikika ni lile ambalo watu wanaweza kulifikia. Kwa hiyo sarufi iko upande wa ufikikaji.

Hata hivyo sarufi si jaji pekee. Ufikivu ni neno fupi, limekwisha kuingia katika nyaraka nyingi, na watu wenye ulemavu wenyewe wanalitumia katika kudai haki zao. Sioni faida ya kulipiga vita. Ugomvi wangu ni na jambo jingine, nalo ni kwamba maneno yote mawili yamesimama juu ya kitenzi kufika, na kufika ni hatua ya kwanza tu. Shule iliyo kando ya barabara ya lami inafikika. Ofisa anayejaza fomu ya vimbilio vya kata yake ataandika "inafikika", na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa gari la msaada lilifika mpaka getini. Mwanamke mwenye kiti mwendo naye atafika mpaka getini. Baada ya hapo kuna kizingiti, kuna ngazi, kuna mlango ambao ubao wake mmoja umepigwa misumari usifunguke, kuna choo nyuma ya jengo, ng'ambo ya mfereji. Fomu imejazwa sawasawa na mwanamke yuko nje.

Kiswahili kimetupa zana ya kutosha kuliondoa tatizo hili, nasi hatuitumii. Mswahili akiingia chumba chenye joto na kunguni husema hapakaliki, hapalaliki, hahitaji semina. Mnyambuliko huohuo waweza kuwa kipimo rasmi. Kimbilio linafikika? Yaani mtu mwenye fimbo nyeupe, magongo au kiti mwendo anaweza kutoka mtaani kwake mpaka getini wakati barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji? Linaingilika? Yaani mlango una upana wa kupitisha kiti mwendo, sentimita 80 au zaidi, na sakafu haina kizingiti? Linapitika ndani, kwa maana kwamba mikeka na mizigo imeacha njia, na mahali fulani pana duara la sentimita 150 ambamo kiti chaweza kugeuka? Linalalika? Hapa vipimo vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu hutaja mita za mraba 3.5 kwa kila mtu kuwa kiwango cha chini cha eneo lililoezekwa, na ni wazi kwamba mtu anayelala na kiti chake ubavuni, au na msaidizi wake, huhitaji zaidi. Neno ufikivu libaki kichwani mwa sura. Chini yake fomu iulize kwa vitenzi. Ofisa anayeulizwa "jengo ni fikivu?" hujibu ndiyo kwa adabu. Anayeulizwa "nani hakuweza kuingia?" hulazimika kugeuka na kutazama.

Namna hii ya kuuliza si ngeni kwa serikali yetu. Sensa za mwaka 2012 na 2022 hazikuishia kuuliza nani ni mlemavu. Ziliuliza kuhusu ugumu wa kuona, wa kusikia, wa kutembea, wa kukumbuka na wa kujihudumia. Mzee ambaye hangekubali kamwe kuitwa asiyeona alikubali kwamba huona kwa shida hata akivaa miwani. Usiku wa mafuriko mzee huyo ndiye atakayekanyaga pasipo.

Kuhusu vyoo, lugha ya ofisi ina kipimo chake maarufu: tundu. Shule huhesabiwa kwa matundu, na kiwango kinachojulikana kwa walimu wote ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Ni istilahi ya kweli, fupi, yenye kueleweka, na kwa kazi ya kawaida ya shule haina ubaya. Lakini tundu ni kipimo cha shimo, na shimo halisemi ni nani anayeweza kulitumia. Shule yenye matundu 24 ya kuchuchumaa haina hata tundu moja kwa mtu ambaye magoti yake hayakunji. Watu wa aina hiyo, tukiacha wale wanaoitwa walemavu rasmi, ni pamoja na mwanamke mwenye mimba ya miezi minane na kijana aliyevunjika mguu jana chini ya kifusi. Napendekeza takwimu za vimbilio ziandike matundu ya kuchuchumaa na vyoo vya kukalia katika safu mbili, na neno choo cha kukalia lifafanuliwe hivi: choo chenye kiti imara, vishikizo ukutani, mlango unaofunguka nje, na nafasi ya kiti mwendo kusimama ubavuni. Choo kinachoitwa "cha walemavu" ambacho kimefungwa kufuli na ufunguo uko kwa mlinzi aliyekwenda kula kisihesabiwe.

Nimetaja kiti mwendo mara kadhaa bila kujieleza. Wengi huandika kiti cha magurudumu, na hawakosei. Ila viti vya ofisini navyo sasa vina magurudumu, na karani wa ununuzi aliyeagizwa viti 10 vya magurudumu kwa ajili ya kituo aweza, bila hila yoyote, kuleta viti 10 vya kuzungukia mezani. Kiti mwendo ni neno lililozaliwa na watumiaji, lina sauti nzuri, wingi wake viti mwendo haumsumbui mtu, na magazeti yamekwisha kulizoea. Lakubalika bila masharti. Litofautishwe tu na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo wengi wa wenye ulemavu wa miguu huitumia katika barabara za Kariakoo. Chombo hicho ni kirefu na kipana kuliko kiti mwendo. Mlango uliopimwa kwa kiti hautakipitisha, na kimbilio lisilokuwa na mahali pa kukiegesha salama humfanya mwenyewe achague kati ya paa na miguu yake.

Hapo tunakutana na istilahi nyingine ya hatari, nayo ni mzigo. Kariakoo ni mji wa mizigo; neno hilo liko katika kila kinywa, kuanzia kwa mchukuzi mpaka kwa dereva wa lori. Wakati wa kuokoa watu kanuni ni moja nayo ni ya haki: watu kwanza, mizigo baadaye. Sasa kiti mwendo, magongo, fimbo nyeupe, kifaa cha kusikilizia na miwani vimo katika kundi gani? Endapo waraka haukusema, mwokoaji ataviweka katika mizigo, na mtu ataokolewa bila kiungo kimojawapo cha mwili wake. Neno vifaa saidizi limekwisha kuenea na linafaa. Linalohitajika ni sentensi moja katika maelekezo: kifaa saidizi si mzigo, huchukuliwa pamoja na mwenyewe. Aidha, neno mgonjwa lisitumiwe kwa mtu anayebebwa kwa sababu tu ya kubebwa. Machela humbeba mgonjwa. Mtu mwenye ulemavu wa miguu aweza kuwa mzima kuliko wanaombeba, na ndiye ajuaye ashikwe wapi.

Majina ya watu wenyewe yamejadiliwa sana, kwa hiyo sitakaa hapo. Mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa walemavu, neno walemavu lilikuwa hatua mbele ya vilema na ya wasiojiweza. Sheria zetu mbili za 1982, Na. 2 kuhusu ajira na Na. 3 kuhusu matunzo, zilikuwa za wakati huo. Neno matunzo lenyewe laonyesha jinsi mtu alivyotazamwa. Sheria ya 2010 ilizifuta, na watu wenye ulemavu ndilo jina lililosimama katika sheria. Lifuatwe. Ila tusidhani kwamba kila jina lililo katika ngeli ya ki-vi ni tusi: viziwi wa nchi hii wamejiundia Chama cha Viziwi Tanzania na wanalitumia jina hilo kwa fahari, ilhali wasioona wameliacha neno vipofu, na wenye ualbino wamelikataa kabisa neno zeruzeru. Anayetaka kujua aulize wenyewe. Lisilokubalika ni kumwita kiziwi bubu, maana kiziwi ana lugha, nayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania.

Jina ninalolipinga kwa dhati ni watu wenye mahitaji maalumu, ambalo limependwa na waandishi wa taarifa kwa upole wake. Katika kimbilio upole huo ni ghali. Neno hilo hukusanya katika kapu moja mtoto mchanga, mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa sukari, asiyesikia na asiyetembea, na taarifa ikisema "watu 40 wenye mahitaji maalumu wapo shuleni" ghala haliwezi kutoa kitu hata kimoja kwa sentensi hiyo. Mahitaji yatajwe. Watatu wanahitaji kuelezwa kwa alama. Wawili wenye ualbino wanahitaji kivuli mchana kutwa, hivyo wasipangwe katika mahema yaliyo uwanjani wala kwenye foleni ya chakula juani, kwa kuwa jua kwao ni maradhi ya ngozi. Mmoja hutulia tu akiwa na dada yake, wasitenganishwe wakati wanaume wanapelekwa darasa moja na wanawake jingine. Hapo ghala na zamu vinaweza kufanya kazi.

Jambo la tahadhari lastahili makala yake. Istilahi zetu karibu zote za kuonya ni za sikio: mbiu, king'ora, tangazo, kipaza sauti, kupiga kelele. Hata waokoaji wanaochimba kifusi huita na kunyamaza wasikilize. Kiziwi aliye chini ya zege hasikii wito, na ukimya wake waweza kuandikwa kuwa ukimya wa maiti. Onyo la kuonwa na onyo la kuguswa ni maneno yasiyozoeleka, lakini yanaeleweka kwa kusomwa mara moja. Taa inayowaka na kuzima, bendera, simu inayotetemeka, jirani aliyepewa jukumu la kugonga mlango na kumshika mtu mkono. Vibao vya kimbilio navyo viwe na maandishi makubwa na ya nukta nundu, vikiwekwa kwenye kimo ambacho mkono unakifikia. Watumishi wanaotaka kujua mambo haya kwa macho yao wanaweza kutembelea Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, hapohapo karibu na Kariakoo, ambayo kwa miaka mingi imewafundisha pamoja watoto wanaoona na wasioona. Waulize walimu wa hapo jinsi mtoto anavyojifunza njia ya kwenda chooni mahali pageni, kisha wafikirie kujifunza huko kukifanyika usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika.

Limebaki neno moja ambalo sina uhakika kwamba tumelipatia ufumbuzi, nalo ni jina la ile sakafu iliyolazwa kimshazari badala ya ngazi. Yameandikwa mteremko, njia ya mteremko, ngazi mteremko, na baadhi ya mafundi husema rampu. Ngazi mteremko hujipinga yenyewe, kwa sababu kinachotakiwa ni kutokuwako kwa ngazi. Rampu ina wateja wake kiwandani, lakini mwenyekiti wa mtaa hatalijua. Mteremko ni neno la kila mtu. Kasoro yake ni kwamba kila mlima una mteremko, na fundi aliyeambiwa "weka mteremko" humwaga zege kwa kadiri ya nafasi iliyobaki, hata kiti mwendo kikawa hakipandi ila kwa kusukumwa na vijana wawili. Kwa hiyo nashauri tuandike njia ya mteremko na daima jina lifuatwe na kipimo chake, kama vile hatuandiki "nondo" bila unene. Kipimo kinachotumika duniani ni kimo 1 kwa urefu 12. Sakafu ya darasa iliyoinuka sentimita 45 kutoka uwanjani yahitaji njia ya mita 5 na sentimita 40. Katika kiwanja cha shule nafasi hiyo ipo. Katika nyumba za zamani za Kariakoo, zenye baraza iliyotokeza mpaka ukingo wa barabara, haipo, na ndiyo sababu mtaa huo hauna budi kuchagua vimbilio vyake mapema, wakati wa kiangazi, kwa kupima kwa utepe.